Maji ya Mwezi wa Mei

Wanangu, siku ile mliponifuata baada ya chakula cha harusi mkaniambia mnakwenda kupiga kambi kwenye pori la Boundary Waters mwishoni mwa Mei, nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nimekaa Minnesota robo karne. Nimewaona wengi wenu mkizaliwa hapa na kukulia Brooklyn Park baina ya shule, maduka na viti vya nyuma vya magari ya wazazi wenu, na siku zote nilitamani myaone maziwa ya kaskazini kabla maisha hayajawabana. Lakini mlipomaliza kunieleza mpango wenu moyo wangu uliingia baridi. Harusini palikuwa na ngoma na kelele, nikasema maneno mawili matatu tu. Yaliyobaki nayaandika hapa, na naomba myasome nyote, si yule mmoja tu mliyemchagua kuwa kiongozi.

Nianze na hesabu. Mlisema mko kumi na mmoja na mna kibali kimoja. Kibali cha kule ni cha watu wasiozidi tisa na mitumbwi isiyozidi minne. Wawili waliobaki hawawezi kujipenyeza nyuma yenu. Inabidi mgawanyike makundi mawili, kila kundi na kibali chake na kiongozi wake, na makundi hayo hayaruhusiwi kukusanyika yakazidi idadi hiyo mahali popote ndani ya pori, kambini, majini, wala nchi kavu. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba vibali vya kulala huko ni vya kuhesabiwa, kwa kila lango na kila siku, na watu huanza kuviwania tangu Januari. Kibali kinataja lango moja na tarehe moja ya kuingilia. Huwezi kufika mji wa Ely, mwendo wa kama saa nne kutoka hapa, ukasema lango hili limejaa magari basi niingie lile. Anayekwenda kukichukua ni kiongozi aliyeandikwa au mbadala wake aliyeandikwa, akiwa na kitambulisho mkononi.

Hilo la karatasi lina dawa. Lililoninyima usingizi ni jingine.

Mnakumbuka niliwauliza nani kati yenu anajua kuogelea. Mikono minne ilipanda. Mmoja wenu aliinua wa kwake hadi begani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaushusha. Nilimwona. Sitamtaja, na wala sitaki mkae kumtafuta. Nataka mjue tu kwamba katika mambo yote mliyonieleza usiku ule, hema, jiko, kamera, muziki, hakuna lililokuwa zito kama ule mkono ulioshuka.

Mimi nimezaliwa Pangani. Nilijua kupiga kafi kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tukivuka mto kwenye mdomo wake, pale maji ya bahari yanapogombana na maji ya bara, na mtumbwi ukipinduka tulicheka, tukaugeuza, tukaufua maji, tukapanda tena. Maji ya kwetu karibu mwaka mzima ni nyuzi 25 na zaidi. Mtoto akianguka huko anaweza kukaa majini mchana kutwa, tabu yake ikawa njaa na jua. Nilipokuja nchi hii nikasikia kuna pori lenye maziwa zaidi ya elfu moja, watu wanasafiri kwa mitumbwi kutoka ziwa hadi ziwa, nilijiambia hapo ndipo nyumbani. Nilikwenda na fahari ya mtu wa pwani.

Ilikuwa 2003, tarehe 24 Mei, wikiendi ileile mliyoichagua. Tulikuwa wanne, wote wa kiwanda kimoja, mitumbwi miwili. Mwenzangu wa mtumbwini alikuwa mwenyeji wa Kisumu. Mtu wa bahari na mtu wa ziwa. Nani angetufundisha maji? Tuliingilia Lake One, mwisho wa barabara ya Fernberg, na siku ya pili tukawa kwenye Lake Three, ambalo lina sehemu pana iliyo wazi kwa upepo. Jua lilikuwa kali, hewa nyuzi 22, tumevaa mashati ya pamba na jinzi. Upepo ulianza saa sita mchana, mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni. Mwenzangu aliyekuwa omo aligeuka kuokota kofia yake. Hicho tu. Mtumbwi ulilala upande, ukanywa maji, ukatutema.

Nataka niwaeleze vizuri kilichofuata, maana watu wakisema maji ni ya baridi kila mmoja wenu anafikiria bafu la asubuhi boila ikiwa imeharibika. Maji yaliponipokea, kifua changu kilijikaza na nikavuta pumzi kubwa bila kuamua. Pumzi ile haikuomba ruhusa. Bahati yangu kichwa kilikuwa nje, kwa sababu nilikuwa na jaketi okozi mwilini, na nilikuwa nalo kwa sababu moja tu: aliyetukodisha mitumbwi alisimama ukingoni akakataa kutuachia mpaka nimefunga vifungo vyote mbele yake. Mwenzangu alifunga vyake, na tulipokwisha kupotea machoni akalivua akalikalia, apunguze ugumu wa kiti. Jaketi lake lilielea peke yake kuelekea kisiwani.

Aliushika mtumbwi. Wenzetu waligeuza wao wakatufuata, wakatuvuta polepole hadi ufukweni. Labda tulikaa majini dakika kumi na tano. Tulipokanyaga mwamba nilitaka kufungua zipu ya mkoba wa nguo kavu. Niliiona zipu. Niliviona vidole vyangu juu yake. Havikufunga. Nikaagiza mkono ushike, nao ukakaa pale kama mkono wa mtu mwingine. Nikachukua kiberiti nikakibana baina ya viganja viwili, na kila njiti niliyojaribu ilianguka au ilivunjika, saba kwa hesabu yangu, na nilikuwa nalia bila kujua kwamba nalia. Mwenzangu aliketi akitazama maji. Alikuwa akitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amepata nafuu. Mmoja wa wenzetu, aliyezaliwa hukuhuku kaskazini, ndiye aliyeshtuka. Alimvua nguo zote, akamtia ndani ya mfuko wa kulalia uliokuwa mkavu, naye akaingia mumo humo kumpa joto la mwili wake. Ilipita zaidi ya saa moja ndipo mtetemeko uliporudi. Mwili unaotetemeka bado unapigana, wanangu. Mwili uliopoa na kutulia unaondoka.

Alipona, na leo ana wajukuu. Kwenye mtumbwi hajaingia tena.

Barafu ya maziwa yale huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Yaani siku mliyoichagua ni wiki tatu nne tu tangu ziwa lilipokuwa limefunikwa. Hewa hupata joto haraka. Maji hayana haraka. Wataalamu wa uokoaji wa nchi za baridi wana hesabu ya moja, kumi, moja, na ningependa kila mmoja wenu aijue kwa moyo. Ukianguka kwenye maji ya namna hiyo una kama dakika moja ya kutawala pumzi zako, usiogelee, usipige kelele, elea tu mpaka kifua kitulie. Kisha una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakusikia. Katika hizo ndimo ujiokoe, au ujifunge kwenye mtumbwi. Baada ya hapo una kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi yenyewe. Lakini saa hiyo ni ya aliyevaa jaketi. Asiyelivaa anaweza kufa katika ile dakika ya kwanza au zile kumi, hata kama aliwahi kuvuka mto Pangani kwa kuogelea. Wale wanne walioinua mikono waisome sentensi hiyo mara mbili.

Sheria ya Minnesota inataka kila aliyemo chomboni awe na jaketi lake, na watoto walio chini ya miaka kumi walivae. Mtu mzima imemwachia kuwa nalo tu. Mimi siwaachii. Lifungwe tangu mguu unapotoka nchi kavu hadi unaporudi nchi kavu, na asiyetaka abaki.

Jambo la pili kuhusu Mei ni nguvu ya maji. Theluji imeyeyuka, mito imejaa, na maporomoko yanavuta tangu mbali. Mwezi huohuo wa 2024, kwenye Curtain Falls, mpakani na Kanada, mitumbwi ilibebwa na maji na watu wawili wakapoteza maisha. Ramani inapoonyesha mistari midogo ya maporomoko, teremkeni mapema kwenye njia ya kubebea. Sauti ya maji mkiisikia mbele nanyi bado mko katikati, mmechelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: badilisheni tarehe. Nendeni katikati ya Agosti. Maji ya juu yatakuwa yamepata joto, mito imepungua, visubi weusi wa Mei na Juni wamekwisha, mbu nao wamepungua. Mkikosa nafasi ya Jumamosi tafuteni ya Jumanne. Malango hayajai sawa siku zote. Najua baadhi yenu wameshaomba likizo kazini. Likizo huombwa tena.

Mpango wenu wa safari nao niliutazama. Mmechora duara la maziwa tisa kwa siku tatu. Kwenye ramani linapendeza. Sasa tazameni zile namba ndogo zilizoandikwa baina ya ziwa na ziwa. Hizo ni rodi, kipimo cha njia za kubebea, ambazo wenyeji huziita poteji. Rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja, na rodi 320 ni maili moja. Mkiona 140 mnadhani ni hatua 140. Ni karibu nusu maili, juu ya mawe na mizizi na matope, mtu mmoja amejitwisha mtumbwi kichwa chini miguu juu, na mwingine ana mzigo mgongoni. Mtumbwi mwepesi wa kukodi ni kama ratili 42, yaani kilo 19. Wa aluminiamu ni 70 na zaidi. Na hamtamaliza mizigo kwa mkupuo mmoja. Mtapeleka, mtarudi mikono mitupu, mtapeleka tena. Kila njia mtaipita mara tatu. Zijumlisheni rodi zenu zote, zidisheni kwa tatu, ndipo mtajua mmepanga nini. Uchovu wa nchi kavu ndio unaomfanya mtu apande mtumbwi jioni, upepo unavuma, aseme tumalizie hili moja. Maziwa matatu kwa siku tatu yanatosha. Wekeni siku moja ya kukaa tu bila kwenda popote, ili upepo ukikataa msilazimike kushindana nao.

Mkiwa katika njia hizo mjue mnapita pa watu. Wenyeji wa asili walizikanyaga karne nyingi kabla ya Wafaransa wa biashara ya ngozi kuja kuzitumia. Kwenye ziwa la Hegman kuna michoro yao mwambani. Itazameni kutoka mtumbwini, msiiguse.

Kuna jambo ambalo rafiki zenu wazaliwa wa hapa hawatawaambia, kwa sababu wao haliwahusu. Upande wa kaskazini wa pori ni Kanada, na mpaka unapita katikati ya maji: Saganaga, Basswood, Crooked, Lac La Croix. Hakuna ua, hakuna askari. Kisiwa kizuri mnachokiona mbele kinaweza kuwa Ontario. Upo mkataba wa 1842 baina ya Marekani na Uingereza ulioziacha njia za kubebea za mpakani wazi kwa raia wa pande zote mbili. Lakini katika nyinyi kumi na mmoja yupo mwenye viza ya masomo, na wapo wanaosubiri majibu ya hifadhi, wamesubiri miaka. Msiende kujaribu karatasi zenu juu ya maji. Chagueni lango la kusini, mbali na mpaka, na kila mmoja awe na nakala ya hati zake kwenye mfuko usioingia maji. Mama zenu wamelia vya kutosha katika ofisi za uhamiaji.

Chakula nitakipita haraka. Makopo na chupa za glasi haviruhusiwi kule, kwa hiyo zile soda na maharage ya kopo mlizozitaja ziondoeni kwenye orodha. Chukueni unga, mchele, dengu, njugu, chapati zilizokauka vizuri, tangawizi ya chai na sukari nyingi, maana mtu aliyepigwa baridi na bado ana fahamu zake husaidiwa sana na chai ya moto yenye sukari. Dagaa na nyama ya kuchoma harufu yake husafiri, na dubu weusi wapo. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kikae kwenye pipa lisilofunguka kwa dubu au kining'inizwe futi 12 kutoka chini na futi 6 kutoka shina la mti. Hilo lifanyieni mazoezi hapa bustanini mchana, maana kurusha kamba juu ya tawi usiku, mvua inanyesha, sijaona mgeni aliyeliweza. Maji ya kunywa yachujwe kwa chujio la vimelea, au yachemke kweli kwa dakika moja nzima. Ziwa linalong'aa kama kioo nalo hubeba vijidudu. Jioni mkaguane kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe wa kule huambukiza ugonjwa wa Lyme. Na jinzi acheni nyumbani. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto lenu. Vaeni sufu au nguo za michezo.

Moto unahitaji maneno zaidi kidogo. Unawashwa kwenye kichanja cha chuma kilichowekwa kila kambi, basi. Mnadhani msitu wa kaskazini ni mbichi. Mwanzoni mwa Mei majani ya mwaka uliopita yamekauka chini na mapya hayajatoka. Mei 2007 moto mmoja wa kambi uliponyoka kwenye Ham Lake, ukaunguza ekari kama 75,000 pande zote mbili za mpaka, pamoja na majengo ya watu. Kabla ya kulala umwagieni maji, koroga, mwaga tena, kisha weka kiganja kwenye majivu. Kama kiganja hakikai, haujazimika.

Na mkifika kambini, kabla ya kutandika hema, tazameni juu. Tarehe 4 Julai 1999 upepo wa dhoruba uliangusha mamilioni ya miti katika pori lile kwa muda mfupi, mchana, watu wakiwa kwenye mahema yao. Mti mkavu uliosimama karibu na hema lenu hamuujui utaanguka lini. Hamisheni hema.

Simu hazitashika. Chukueni ramani mbili za karatasi na dira mbili, moja kwa kila kundi, na mkodi kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada, kimoja kwa kila kundi vilevile. Kukodi si ghali mkichangiana. Dira itawafaa pia kwa kibla, ambayo kutoka huku ni kaskazini-mashariki. Na mjue mchana wa kiangazi kule ni mrefu, mwanga unawadanganya mkadhani bado mapema kumbe mwili umeshachoka.

Mwisho, naomba karatasi. Iandikeni kwa mkono: majina yenu, lango mnaloingilia, kila ziwa mtakalolala na usiku gani, namba za magari, siku na saa mtakayotoka. Iletwe kwangu siku mbili kabla hamjaondoka. Ile saa mliyoandika ikipita nami sijasikia sauti yenu, nitawapa saa sita, kisha nitampigia sherifu wa wilaya ya huko. Sitaona haya kupiga, na nyinyi msione haya nikipiga.

Na wewe uliyeinua mkono nusu ukaushusha: mimi nilikuwa mtu wa pwani ninayejua kila kitu, na nilivunja njiti saba. Kutojua kuogelea hakujamuaibisha mtu. Bwawa la ndani la mtaa wetu lina saa ya watu wazima kila Jumamosi, maji ya vuguvugu, na upande wa kina kifupi ukisimama maji yanakufika kifuani. Tutaanza na kuelea ukiwa na jaketi, kisha bila jaketi. Nitakuwa mlangoni saa tatu asubuhi. Njoo na taulo.